Waingereza Waliogoma Kuchorwa

Historia ya Marekani mimi nimeisomea kwenye oda. Kuna watu wameisoma chuo, vyeti wametundika sebuleni. Mimi nimeisoma kwa sababu mteja wangu mmoja wa Dar, mwalimu mkuu wa shule moja ya kulipia yenye mtaala wa Kimarekani, alinitumia orodha ya vitu vya kumnunulia huku China, Guangzhou, na hakukuwa na hata kimoja nilichokijua. Nimezoea kuagizwa vigae, mabomba ya bafuni, nywele za bandia, magauni ya bibi harusi. Yule mama aliagiza uhuru wa watu.

Alitaka Tangazo la Uhuru la Marekani, karatasi ionekane kuukuu kama imekaa darini, nakala za kutosha kila darasa. Katiba yao, hivyohivyo, kuukuu. Makoti ya bluu ya wanajeshi wao wa zamani, saizi za watoto. Makoti mekundu ya Waingereza, saizi za watoto. Kofia za pembe tatu. Masanduku ya chai, yawe mepesi, ya kutupa. Na mwisho kabisa, picha moja kubwa ya rangi ya mafuta, ichorwe kwa mkono, ya kusainiwa kwa Mkataba wa Paris.

Nikamtumia ujumbe wa sauti. "Mwalimu, hayo masanduku kama ni ya kutupa, mbona unanunua?"

Akajibu anacheka. "Kaka, ni igizo la mahafali! Waingereza walitoza ushuru kwenye chai, watu wa Boston wakakasirika, wakapanda melini wakaimwaga yote baharini. Mambo kama hayo ndiyo yaliyozaa vita. Na hiyo chai ilitoka hukohuko uliko."

"Guangzhou hii?"

"Guangzhou hiyohiyo. Ilipakiwa hapo mtoni. Kwani wewe miaka yote hiyo uko huko unafanya nini?"

Swali zuri. Mke wangu naye alikuwa ameniuliza hilohilo, wiki hiyohiyo, ila yeye hakucheka.

Niseme mapema usije ukadhani hii ni habari ya biashara. Wakati oda ile inaingia, mke wangu alikuwa ameomba talaka. Hakuomba kwa kelele. Mke wangu akiwa na hasira anapiga kelele hadi jirani anazima redio asikilize vizuri, lakini safari hii alisema taratibu, kama mtu anayemwambia kondakta naomba unishushe. Sijarudi nyumbani tangu binti yetu yuko chekechea, na sasa binti anaandika insha. Kila mwaka narudi baada ya kontena hili. Kontena hili likiondoka, kuna kontena hili.

Wazee wa pande zote mbili wakasema talaka haitolewi hivihivi, kwanza kuwe na kikao cha suluhu. Yeye akae sebuleni kwa baba yangu mdogo, Temeke. Mimi nikae kwenye video. Kikao cha kwanza nikasema VPN imegoma. Cha pili nikasema VPN imegoma. Kwa ambaye hajafika China, bila hiyo VPN simu zetu za nyumbani hazifunguki huku, ndiyo maana ni kisingizio kizuri kuliko homa. Homa utaulizwa umekunywa dawa gani. VPN hakuna mjomba anayeijua.

Baba mdogo akapiga mwenyewe. "Mwanangu, cha tatu ndicho cha mwisho. Jumapili, saa nne asubuhi ya kwetu."

"Kwetu huku itakuwa saa tisa alasiri, baba."

"Hata iwe saa ya Idd. Usipoonekana, mwanamke wa watu tunampa ruhusa aende kwa kadhi. Wewe utapelekewa habari."

Nikasema sawa baba. Nikakata simu, nikala chapati.

Hapo mtu angetaka kujua nilijisikiaje. Nilishawahi kung'oa jino hapa Guangzhou, nikachomwa sindano ya ganzi, nikatoka nje nikanunua kahawa. Ikawa inanimwagikia kidevuni na mimi natabasamu tu na wapita njia, sina habari. Basi kipindi kile nilikuwa hivyo, ila mwili mzima. Nilikuwa nacheka, nabishana bei, nasimulia vichekesho kwenye lifti, na kuna kitu kinanimwagikia mahali sipajui.

Chumba ninachokaa mtaa wa Xiaobei napanga na Mzanzibari mmoja anayefunga mizigo ya watu na kuipeleka bandarini Huangpu. Ni mtu wa kusema ukweli mpaka uombe msamaha kwa niaba yake. Nilipomwambia habari ya kikao, akaacha kukunja shuka.

"Sheikh wangu, mie nakuuliza. Wamtaka mkeo ama humtaki?"

"Namtaka."

"Sasa kwa nini hukai kikaoni ukasema?"

"VPN."

"VPN yako ni ileile yangu, tumegawana pesa ya kulipia. Jana umeangalia mpira mpaka dakika za nyongeza."

"Mpira una mtandao wake."

Akanitazama. "Siku ukifa wewe, utamtania malaika."

Nikacheka sana. Nilikuwa nacheka sana siku hizo.

Basi nikaanza kununua historia. Makoti niliyapeleka mtaa wa Kangle, kwa fundi mmoja ambaye chumba chake ni kidogo kiasi kwamba ukigeuka unavaa nguo ya mtu. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akauliza bluu mangapi, mekundu mangapi. Mwalimu alikuwa amesema sawasawa, ili vita iwe ya haki. Fundi akauliza saizi. Nikampa zile alizotuma mwalimu: mabega, mikono, vichwa vya watoto wa shule nzima. Nilikuwa najua kichwa cha kila mtoto wa Masaki na Mbezi.

Kulikuwa na kitu kingine, mikanda ya shanga. Mwalimu alieleza kwamba wenyeji wa kule, wenye ardhi, mikataba yao hawakuwa wanaiandika, walikuwa wanaisuka kwa shanga za kombe. Alitaka mmoja mweupe wenye mistari miwili ya zambarau inayokwenda sambamba.

"Mistari maana yake nini?" nikamuuliza.

"Vyombo viwili kwenye mto mmoja. Chombo cha wenyeji na chombo cha wageni. Vinakwenda pamoja, na hakuna anayeshika usukani wa mwenzake."

"Hiyo si ndoa yangu? Mmoja Temeke, mmoja Xiaobei, hatugusani."

Mwalimu alikuwa hajui habari zangu, akacheka. "Kaka, wewe una maneno! Haya, lakini ujue yule mgeni hakukaa kwenye mstari wake. Mikataba mingine iliyofuata, wenyeji wanasaini wanasogezwa, wanasaini wanasogezwa."

Shanga nikazipata. Plastiki, lakini zambarau yake ilikuwa zambarau.

Ikabaki picha. Palepale juu ya fundi wa makoti, ghorofa ya juu kabisa, kuna mama mmoja ana karakana ya kuchora. Anachora maua ya hoteli, farasi, alizeti, chochote unachomletea kwenye simu. Sisi wote tunamwita laoban, yaani bosi, kama tunavyomwita kila Mchina mwenye duka, na yeye anatuita rafiki, hata kama jana tulitukanana. Ukutani kwake kabandika picha alizopiga na wateja wake wa kigeni, ili mteja mpya akija aone kwamba huyu mama ni wa kimataifa. Mimi nipo pale. Nimesimama na yule Mzanzibari na fundi mmoja Mkongo wa saluni, tumeshika mchoro wa tausi, meno yote nje.

Nikamwonyesha ile picha ya Mkataba wa Paris aliyonitumia mwalimu. Mkono wa kushoto kuna wazee watano wa Kimarekani, wengine wamekaa, wengine wamesimama, nguo za heshima, karatasi mezani. Mkono wa kulia hakuna kitu. Rangi ya tope tu, kama ukuta uliopigwa lipu ukaachwa.

Laoban akaikuza kwa vidole. "Hii mbona nusu?"

Hapo ndipo elimu yangu ya kidato cha pili ilipofanya kazi. Nilifeli mtihani wa kidato cha pili nikaambiwa nirudie, nikaona nisiwachoshe walimu. Lakini miaka yangu ya China imenifundisha kitu kimoja: picha ikiwa nusu, tatizo ni mtandao. Kila picha inayotoka nyumbani inafika hivyo. Unaona kichwa cha bibi harusi, gauni linafunguka kesho yake. Kwa hiyo nikamjibu kama mtaalamu.

"Intaneti imekatika. Haijamaliza kufunguka."

"Aaa." Akaelewa kabisa, maana na yeye ni mtu wa hapa. "Huku kuna nini sasa?"

"Watu. Wanasaini mkataba, lazima kuna wa upande wa pili."

"Watu gani?"

"Wageni," nikasema. "Wageni tu, kama hawa."

Akatikisa kichwa kwamba hakuna tabu. Ningeweza kumuuliza mwalimu. Ingenichukua muda wa kupiga chafya. Lakini kumuuliza maana yake ni kurudi kwenye ujumbe, na humo wa mke wangu ulikuwa juu kabisa, nilikuwa naukwepa kama shimo barabarani. Ulikuwa umeandikwa: Jumapili utakuwepo?

Ijumaa baada ya swala nikapanda kwa laoban kuchukua mzigo wangu. Akaigeuza turubai kwa mbwembwe, kama anafungua jiwe la msingi.

Wamarekani watano walikuwa palepale, wametulia, wazee wa watu. Na upande wa pili wa meza, mahali palipokuwa na tope, tulikuwepo sisi. Yule Mzanzibari, kavaa koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu. Yule Mkongo wa saluni, kashika unyoya wa kuandikia. Mchina mmoja ambaye laoban alisema ni shemeji yake, alikuwa anajaza nafasi. Na katikati yao, mimi. Nywele nyeupe za bandia mpaka mabegani, shingoni kitambaa cha lesi, na lile tabasamu langu la tausi, meno yote nje, nasaini kwamba nimepoteza Marekani.

"Laoban," nikasema. "Huyu ni mimi."

"Ulisema wageni." Akaonyesha ukuta. "Wageni wangu ni hawa."

Hakuwa na kosa. Nilikaa kwenye ndoo ya rangi nikacheka mpaka shemeji mtu akatoka ndani kuniletea maji. Nilicheka nikasubiri nione kama kuna kitu chini ya kile kicheko. Hakikuwepo. Ni kama kupiga hodi nyumba iliyohamwa.

Nikapiga picha. Nikamtumia Mzanzibari, akajibu palepale: "Mie mbona kanifanya mnene?" Nikamtumia mwalimu. Halafu, sijui kidole kilitumwa na nani, nikamtumia mke wangu. Sikuwa nimemwandikia wiki nzima. Nikaandika chini yake: Mumeo sasa ni balozi wa mfalme wa Uingereza.

Mwalimu alipiga kabla mke wangu hajajibu.

"Kaka! Kaka, hawa ni akina nani? Huyu wa katikati ni wewe? Mungu wangu. Sasa nisikilize, weka simu sikioni. Ile picha haijakatika. Ndivyo ilivyo! Vita imekwisha, Wamarekani wamemshinda mfalme, wamekutana Paris wanaandikiana mkataba kwamba sasa kila mtu na hamsini zake. Mchoraji akaanza kuwachora. Wamarekani wakakaa. Waingereza wakagoma kukaa. Basi akaiacha hivyohivyo, upande huu watu, upande huu patupu. Na hilo ndilo somo langu, kaka! Nataka watoto waniulize, mwalimu, mbona hapa hakuna mtu? Wewe umenijazia Watanzania!"

"Na Mkongo mmoja," nikasema. "Kwani walishasaini, hao Waingereza?"

"Kusaini walisaini. Kuchorwa ndiyo hawakutaka."

"Kwa nini?"

"Kuna mengi yanasemwa. Lakini wewe fikiria, nani anataka aonekane karne kwa karne amekaa pale siku aliyoachwa?"

Nikauliza tu ili niulize: "Na wale wenyeji wa mikanda ya shanga, wao walikaa upande gani?"

"Hawakuitwa. Ardhi yao iligawiwa na wao hawamo. Hawamo upande uliochorwa na hawamo upande mtupu. Kaka, nirudishie pawe patupu, nakuomba, mahafali yangu hayako mbali."

Nilipomaliza naye, nikaona mke wangu kajibu. Hakuweka kikaragosi cha kucheka. Aliandika mstari mmoja.

Huko umekaa.

Nikausoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, katikati ya ghorofa, wanaume wamebeba marobota ya vitambaa wananipita huku na huku wananisukuma. Huko umekaa. Kwa lugha yetu sisi wawili, nikiwa kijana namtongoza, mstari kama ule angeumaliza kwa matusi ya mapenzi. Safari hii uliishia hapo: kwenye picha nimekaa, vikaoni sikukaa. Nikajaribu kujisikia vibaya. Nikasogezwa na robota.

Tatizo la pili lilikuwa ratiba. Mzanzibari alisema mzigo wote uwe umefungwa Jumatatu asubuhi, gari linakwenda Huangpu. Laoban akasema kufuta anafuta, rangi ya juu bado mbichi, lakini siku yake ya nafasi ni Jumapili mchana, na lazima nikae pale nimwonyeshe mpaka wapi. Hataki tena kuambiwa intaneti. Nikamwambia nina mkutano Jumapili saa tisa.

"Mkutano fanyia hapa," akasema. "Intaneti yangu nzuri."

Mzanzibari alinisindikiza mpaka mlangoni Jumapili ile. Alichukua simu yangu, akaiwasha VPN mwenyewe, akahakikisha imeshika, akanirudishia. "Haya. Leo ikigoma utakuwa umegoma wewe."

Kwa hiyo kikao cha suluhu cha ndoa yangu nilikikalia Kangle, kwenye kiti cha plastiki, simu nimeiegemeza kwenye kopo la rangi, harufu ya tapentaini, na nyuma ya simu, mbele ya macho yangu, laoban anachovya kitambaa.

Sebule ya baba mdogo ikafunguka. Yote, siyo nusu. Baba mdogo kavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumapili. Mjomba wa mke wangu kakaa kando yake. Mke wangu mwisho wa kochi, ushungi wa rangi ya maji, anaangalia kucha zake.

"Alhamdulillahi," mjomba wake akasema, "leo VPN imeamka."

Kumbe anaijua.

Baba mdogo akaomba dua, akasema maneno ya wazee, ndoa, subira, mtoto. Kisha akamgeukia mke wangu. "Sema mwanangu."

"Mie sina maneno mengi, baba. Naomba anijibu moja tu. Anarudi lini?"

Wote wakaniangalia. Nyuma ya simu laoban alikuwa ameanza na shemeji yake, anamfuta kwa mizunguko midogomidogo, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Jibu likanijia lenyewe, maana huwa yananijia yenyewe: mfalme akinipa ruhusa. Nilijua lingewachekesha wazee. Baba mdogo angesema huyu kijana, huyu kijana, wangelegea, tungeahirisha. Nikalishika mdomoni. Nikamwangalia mke wangu, na yeye akainua macho kutoka kwenye kucha. Nikaona anajua kwamba linakuja. Alikuwa amekaa analisubiri, kama unavyomsubiri mgeni anayeingia bila hodi.

Sikulisema. Nilikuwa najua kwamba nikiliacha hilo, la kweli litatoka nyuma yake. Nikasubiri. Halikutoka. Hakukuwa na la pili. Nilikaa nimeangalia ile simu, mikono magotini, mdomo nimefumba.

"Hallo?" mjomba wake akasema. "Hallo? Huyu kaganda."

Baba mdogo akasogeza uso kwenye kamera. "Mwanangu? Unatusikia? Mtandao umeganda huu. Kata tupige tena."

"Msikate," mke wangu akasema. "Hajaganda. Ndivyo alivyo asipotania."

Laoban akamaliza shemeji, akahamia kwa Mkongo.

"Nipo," nikasema.

"Haya," baba mdogo akasema, "mwenzio kauliza. Unarudi lini?"

"Sijui."

"Hujui siku," mjomba wake akasema, na ile kejeli ilikuwa imemtoka, "au hujui kama unarudi?"

"Sijui, mjomba."

Lilikuwa ndilo neno la kwanza la kweli kumwambia mke wangu kwa muda mrefu, na nadhani alilitambua, maana aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa chenji yake ikawa sahihi. Nyuma ya kochi mlango ukafunguliwa, sauti ya binti yangu ikasema, "Mama, chaja iko wapi?" Baba mdogo akampungia aondoke, wakubwa wanaongea. Sikumuona. Niliona tu mlango ulivyotikisika.

"Basi aniache," mke wangu akasema. "Kwa wema tu. Sina ugomvi naye."

Baba mdogo akanieleza, kama unavyomweleza mtu njia: talaka iwe moja, mashahidi ni wao, na mpaka eda iishe bado nina nafasi ya kumrejea, kama nitaamua kupanda ndege. Nikasema naelewa. Nikalitamka. Ni neno jepesi sana. Nilidhani litakuwa na uzito fulani mdomoni, nikashangaa lilivyopita kama jina la kituo.

Mke wangu akasema ahsante. Akainuka, nikaona ushungi, nikaona kochi, halafu baba mdogo akaniuliza kama huku kuna baridi.

Nilipokata, laoban alikuwa amekwishamfuta na Mzanzibari. Palepale palipokuwa na koti la vifungo vya dhahabu pamekuwa tope safi. Nilikuwa nimebaki mimi peke yangu, nacheka na wazee watano wa Kimarekani, hakuna mtu kushoto wala kulia kwangu.

"Mkutano wa biashara?" akauliza.

"Ndiyo."

"Umepata oda?"

"Mei you," nikasema. Hakuna.

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kibiashara. Akaniangalia, akaiangalia picha. "Huyu nimemchora vizuri. Meno mazuri. Nimwache?"

Nikafikiria watoto wa Dar wamepanga mstari, makoti mekundu upande huu, ya bluu upande huu, wanauliza mwalimu, huyu anayecheka ni nani. Mwalimu alikuwa amenilipa nimletee patupu.

"Futa," nikasema.

Alianza na meno. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki mpaka akamaliza, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu, kumwonyesha mpaka wapi. Feni ikawashwa kukausha. Ukisogea karibu sana na upande wa kulia, utaona kama kuna mahali tope limekuwa laini kuliko pengine. Ukisimama mbali huoni kitu.

Jumatatu asubuhi nilichukua picha kwa laoban, nikashuka kwa fundi wa makoti kuhesabu kofia kabla Mzanzibari hajafunga. Alikuja na mkanda wake wa kufungia makasha, hakuniuliza chochote, alifunga tu, na siyo kawaida yake. Aliukunja ule mkanda wa shanga akauweka juu kabisa usivunjike. Alisema gari likitoka saa hizi, mchana liko Huangpu. Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba Wamarekani walipomaliza tu kuachana na mfalme wao, hawakukaa, wakatuma meli yao ya kwanza huku, ikaja kutia nanga hapohapo Huangpu, kununua chai. Nikamwambia Mzanzibari. Akasema, "Watu wa biashara hao," akavuta mkanda, akakata kwa meno.

Simu ikalia. Alikuwa mke wangu. Sijui nimwiteje, nilikuwa sijajua bado. Aliandika kwamba mtoto ameiona ile picha ya ubalozi, kacheka, na anauliza kama kofia ya pembe tatu ipo ya saizi yake.

Nikamwambia fundi aongeze kofia moja, ya mtoto wa kike, ya kwangu.

"Kichwa kikubwa kiasi gani?" akauliza, mkasi mkononi.

Nikanyoosha mikono mbele yangu nikashika duara hewani. Fundi akasubiri. Viganja vyangu vikabaki palepale, sijui nivisogeze karibu au nivipeleke mbali.